Watoi wa Hagwon Hulala Saa Ngapi?

Saa nne kamili ya usiku, kwa mtaa wa mahagwon hapa Pyeongchon, ndo jam ya ukweli huanza. Si jam ya wasee wametoka job. Ni jam ya watoi. Mabasi za njano zimejipanga kando ya lami, hazadi zinawaka, wamathe wamepaki ndai juu ya laini ya njano ka hakuna karao hii dunia, na kila mlango unamwaga vijana wamelemewa na mabegi. Sheria ya mkoa wa Gyeonggi, sawa na ya Seoul, inasema hagwon ikifika saa nne usiku ifunge. Kabla ya hiyo sheria kuna watoi walikuwa wanapigishwa hesabu mpaka usiku wa manane. Kwa hivyo ukiona wameachiliwa saa nne, jua hiyo ni gava imewahurumia.

Hagwon ni tuisheni, lakini toa kwa akili ile tuisheni ya ticha wa math amekodi keja Umoja akapigilia ubao kwa ukuta. Hapa ni jengo zima. Chini kuna duka, juu ngeli, juu yake math, juu yake sayansi, kisha piano, kisha taekwondo, na huko mwisho kabisa kuna mahali unalipia kiti ukasome kimya. Jengo la next, hivyo hivyo. La kuvuka barabara, hivyo hivyo. Pyeongchon iko Anyang, kusini tu ya Seoul, na wakorea wakiskia jina wanajua ni mtaa wa kusoma. Wenye wanaishinda ni Daechi-dong, kule Gangnam, ndo makao makuu ya hiyo biashara. Mwaka wa 2024 gava yao ilihesabu pesa familia zimemwaga kwa tuisheni ikapata won trilioni 29.2. Watoi wanane kwa kila kumi wanaenda. Huyo wa tisa na wa kumi sijawahi patana nao.

Na mimi ndo huyo hapo juu ya duka la dawa, nafunza ngeli.

Sasa shika hii risto vizuri. Mimi ni morio wa Kayole. Ngeli nilianza kuikula nasari, nikabeba disk shingoni class three ju ya kubonga Sheng kwa foleni ya maji, na hiyo disk ilinifunza ngeli kushinda kitabu yoyote. Mathe akashinda green card, tukahamia Minnesota, miaka zikaenda, nikapewa paspoti ya Marekani. Hiyo paspoti ndo iliniajiri. Viza ya kufunza ngeli hapa inaitwa E-2 na wanaipea watu wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Sauzi. Basi. Kenya haimo. Naija haimo, Ghana haimo, Jamaica haimo.

Cuzo yangu ako na digrii ya fasihi ya Kiingereza kutoka UoN, amefunza hiyo ngeli sekondari miaka mob, na akiandika barua unaweza dhani ni ya balozi. Yeye hawezi pata hii job. Mimi nilisomea biashara, nikikasirika ngeli inatoka na lafudhi ya stage ya Kayole, na mimi naweza. Nikimwelezea kwa simu alinyamaza kidogo akaniuliza, "Kwa hivyo hapo inabonga ni karatasi?" Ndio. Hapa karatasi ndo inabonga, mdomo unafuata nyuma.

Karatasi zenyewe ni za kukuchosha. Digrii ipigwe muhuri wa apostille, FBI wathibitishe kwamba hauna kesi, na kwa maombi unaweka picha. Hiyo picha ndo chujio. Kuna wadosi niliongea na wao kwa simu, stori ikawaka vizuri, sauti ya Minnesota ikawabamba, kisha wakaona picha na ghafla nafasi ilikuwa imeshajazwa. Mwenye alinichukua hakuficha kitu. Siku ya kwanza aliniketisha chini, akanimiminia chai, akaniambia wazazi wakiuliza nimetoka wapi niseme Marekani. "Kenya," akasema, huku akitafuta neno la upole, "tuiwache kwanza." Nimeifikiria sana hiyo "kwanza". Aliichagua vizuri.

Ilidumu wiki mbili hivi. Kuna kadem ka class five kaliona bangili yangu ya bendera, ile ya shanga ya Masai Market, kakachukua simu, kakapiga picha, kakatafuta, kakasimama katikati ya lesson: "Ticha! Kenya!" Ikawa imekufa hapo. Maswali ikaanza. Umewahi ona simba? Nikawaambia simba Nairobi zinakaa ndani ya jiji, kuna mbuga hapo kando ya barabara, na hawakuniamini hadi nikawaonyesha picha ya twiga na maghorofa nyuma. Nywele zako unaoshanga aje? Wakenya wote wanakimbianga? Nikawafunza wakiniona waseme "mambo" na mimi nijibu "poa". Kwa wiki moja korido yote ilikuwa "mambo, ticha". Mdosi alitoka ofisini akasimama mlangoni akaskiza. Hakusema kitu. Wazazi nao walikuwa washaskia na hakuna mtoi alitolewa, ndo maana.

Hiyo ya kukimbia haiishi. Panda teksi na mzee wa miaka sitini, mwambie Kenya, atageuka: "Marathon!" Kisha atakutajia Oh Joo-han. Huyo ni Wilson Erupe wa Turkana, alishinda marathon ya Seoul mwaka wa 2012 kwa saa 2:05:37, akarudi akashinda tena, na mwaka wa 2018 wakampea uraia. Hilo jina Oh alilitoa kwa kochi wake mkorea, na alivaa jezi ya Korea kwa Olimpiki ya Tokyo. Kwa hivyo kuna njia moja msee wa Kenya anaweza karibishwa hapa na zulia, na ni kukimbia kilomita 42 kwa masaa mawili. Mimi mbavu zangu zinajua ngazi za stesheni tu.

Turudi kwa class. Kuna kaboi ka class four, jina la ngeli alijichagulia mwenyewe: Shark. Hapa kila mtoi wa ngeli anajipatia jina, na hakuna mtu wa kumzuia, ndo maana pia niko na Messi wawili na Pikachu mmoja. Shark anakuja akitoka shule, ashapitia taekwondo, bado amevaa ile nguo nyeupe na mshipi ndani ya jaketi. Dishi yake ni kimbap, wali umefungwa na mwani, ya pembe tatu kutoka duka la chini, won 1,200 hivi, anaikulia kwa ngazi huku akimalizia homework ya ngeli kwa goti. Akitoka kwangu anapanda ghorofa mbili, math. Siku moja lesson ilikuwa ni ya wikendi, si unajua vile vitabu: ulifanya nini Jumamosi?

"Nilisoma."

"Na Jumapili?"

"Nilisoma. Kisha nikalala kidogo." Hiyo "kidogo" aliionyesha na vidole viwili, ka chumvi.

"Ukikuwa mkubwa unataka kuwa nani?"

Nilikuwa nangoja daktari, YouTuber, mchezaji wa ball. Shark akaangalia nje ya dirisha akanionyesha jengo la kuvuka barabara. Anataka kuwa mwenye hiyo. Landlord. Class yote ikatingisha kichwa, hakuna mtu alicheka, na nimekuja kujua ni ndoto ya wengi hapa. Mtoi wa class four ashagundua kwa hii mchezo yote kuna msee mmoja tu halazimiki kuamka mapema.

Na usidhani ni watoi wapole wa kuonewa huruma kila saa. Ni watukutu vizuri sana. Kila ugomvi unaamuliwa na gawi-bawi-bo, yaani jiwe, karatasi, makasi: nani ataketi dirishani, nani atasoma kwanza, nani atafuta ubao. Mkono unarushwa, matokeo yanatoka, na mwenye ameshindwa anakubali bila kulia. Nimeona kesi za chama mtaani zikikosa hiyo nidhamu. Kwa kona ya class kuna CCTV, ofisini kuna skrini, na kuna mzazi anaweza piga simu akauliza mbona mtoi wake alikaa kimya dakika tano. Mtoi mwenyewe alikuwa amelala macho wazi. Hiyo ni talanta wanafunzwa na maisha.

Yote hii, ngeli, math, kimbap ya ngazi, inaelekea siku moja. Mwezi wa 11, Alhamisi, suneung. Ni KCSE yao, lakini imepakiwa ndani ya siku moja, asubuhi hadi jioni. Hiyo siku nchi inashika breki. Soko la hisa linafungua saa moja nyuma ya kawaida. Maofisi zinaambia watu wachelewe ili barabara iachiwe watahiniwa. Mtoi akichelewa, karao anambeba na nduthi, king'ora juu, hadi geti la shule, na hapo ndo niliona makarao wakipigiwa makofi na raia nikajua kweli niko mbali na home. Kisha mchana, saa saba na dakika tano, mtihani wa kuskiza ngeli ukikaribia kuanza, ndege zote nchini zinakatazwa kupaa wala kutua. Dakika 35. Zenye ziko angani zinazunguka huko juu zikingoja watoi wamalize kuskiza msee wa kwa kaseti akiuliza njia ya maktaba. Ngeli ndo imesimamisha ndege. Si Kikorea, si math. Ngeli.

Wazazi wao hiyo wiki hawana tofauti na wetu, isipokuwa sisi ni kadi za success na maombi ya shule na wao ni yeot, ile sukari ya kunata, mtoi anakula ili ashike mahali anataka kuingia. Supu ya mwani hailiwi hiyo asubuhi, ju inateleza. Wamathe wanapanda mlima Palgong kule Daegu hadi kwa sanamu ya Gatbawi, wanainama mara mia na zaidi kwa baridi. Na kuna msemo wao wa zamani, kila mtu wa hapa anaujua: ukilala masaa manne umepita, ukilala matano umeanguka. Hapo ndo jibu la hiyo swali la juu.

Kenye huwa kinanichoma ni mtihani wenyewe. Nimewahi ketishwa na mtoi wa form four wa hapa akitaka nimwelezee swali la kusoma. Aya ilikuwa ya falsafa ya sayansi, sentensi moja mistari minne, na katikati kuna shimo la kujaza. Huyo mtoi alijua kila neno. Alijua hata jina la hiyo aina ya swali na mbinu ya kulivamia. Nikamuuliza kwa ngeli ya kawaida amekula nini, akafungua mdomo, akafunga, akaniandikia kwa karatasi. Miaka kumi ya ngeli, na mdomo bado unangoja ruhusa. Si upumbavu wake. Hakuna mahali suneung itamuuliza amekula nini, na hapa hakuna mtu anafunza kitu haiulizwi. Mimi nimewekwa hapo ili mzazi aone sura ya ng'ambo kwa brosha; kazi ya kupitisha mtihani inafanywa na maticha wakorea, wenye wanajua sarufi ya ngeli kunishinda mbali, wanafunga baada yangu, na kwa brosha hawamo.

Gava zimejaribu kuzima tuisheni. Mwaka wa 1980, mwanajeshi Chun Doo-hwan akipindua nchi, alipiga tuisheni marufuku kabisa. Matajiri wakaendelea kuficha maticha ndani ya nyumba, na mwaka wa 2000 Mahakama ya Katiba ikasema hiyo marufuku inavunja haki za watu, ikafa. Sisi nasi tuna sheria ya elimu ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo, na wewe na mimi tunajua mtoi wa jirani alikuwa wapi Desemba. Hapa mtu akisema watoi wapunguziwe, kila mzazi anakubali, kisha anangoja jirani aanze. Kuzaa ndo wameamua kupunguza: mwaka wa 2023 kiwango kilifika watoto 0.72 kwa kila mwanamke, chini kushinda nchi yoyote. Maticha wenzangu wakorea nikiwauliza mbona hawataki mtoi wananitajia bei ya hagwon kabla hata ya bei ya nyumba.

Basi tutoke class, ju maisha ya nje ina raha zake. Keja nimepewa na job, chumba kimoja, sakafu inapashwa moto kutoka chini, na manze, baridi ya Januari ikiwa nje na wewe umelalia sakafu ya moto, hiyo starehe hakuna hoteli ya Mombasa itakupea. Bafu haina pazia. Unaoga choo ikikuangalia. Mlango hauna funguo, ni namba, na ikifunguka inaimba.

Takataka ndo PhD. Tangu 1995 unalipia uchafu wako: unanunua mfuko rasmi wa mji wako kwa duka, na wa mji wa pili haukubaliwi. Plastiki pekee, chupa pekee, karatasi pekee, na chakula pekee. Lakini si kila chakula ni chakula. Mfupa wa kuku si chakula, ganda la yai si chakula, ju mabaki yanaenda kutengenezewa wanyama dishi na mnyama hali hiyo. Jirani yangu, jamaa wa Texas, alichanganya. Kuna shosho wa ghorofa ya chini, kila mtu anamwita halmoni na anaogopwa kushinda mwenye nyumba. Halmoni aliufungua ule mfuko, akachomoa mifupa moja moja na koleo ya nyama choma, akaipanga kwa gazeti nje ya mlango wa Texas, kisha akabonyeza kengele akangoja. Hakupiga kelele. Alimwonyesha tu mfupa, akamwonyesha mfuko, akasema "Seonsaengnim," mwalimu, na sauti ya mathe ameitwa shule. Texas aliinama hadi nikadhani amedondosha kitu. Siku hizi anatupa taka na daftari mkononi.

Kitu cha kwanza utaulizwa hapa ni miaka, kabla hata ya jina vizuri. Si umbea. Bila kujua nani mkubwa, hawawezi jua wataongea na wewe na lugha gani, na kwetu Kenya, kule pwani ambapo mtu hawezi pita mzee bila shikamoo, hiyo inaeleweka chap. Hesabu yenyewe ilikuwa ya ajabu: ukizaliwa uko na mwaka mmoja tayari, na mwaka mpya kila mtu anaongeza mmoja, kwa hivyo mtoi wa Desemba 31 kesho yake ni wa miaka miwili. Juni 2023 sheria ikasema kwa karatasi za serikali wahesabu ka dunia yote. Watu wazima wakaamka wamepunguza mwaka bila cream. Mezani, lakini, mambo ni yale yale. Ikifika dinner ya job, nyama ya nguruwe ikiwa kwa moto na soju imefunguliwa, unammiminia mdosi na mikono miwili, unapokea na mikono miwili, na ukikunywa unageuza uso kando asikuone. Mimi wa Kayole, nimelelewa kupokea kitu ya mkubwa na mikono miwili, hapo nilionekana nimefunzwa vizuri. Texas alipewa chupa akamimina ka fundi wa mafuta.

Na simu. Walai hii ya simu bado inanisumbua. Msee anaingia kafe, anataka kiti, anaweka simu juu ya meza, aina ya iPhone ya mwaka huu, kisha anaenda kupiga foleni akiwa amegeuza mgongo. Laptop, wallet, begi, vyote vimeachwa vikishikia mtu nafasi. Na akirudi viko. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakaa hapo nalinda simu za watu nisiowajua, roho inadunda, nikingoja kijana wa nduthi atokee. Hakutokea. Lakini usiwasifu sana: acha mwavuli mlangoni siku ya mvua uone, au baiskeli bila kufuli. Hizo zinahama. Hakuna mkorea amenieleza ni kwa nini maadili yao yanaishia kwa mwavuli.

Wikendi napanda treni, laini ya 4, nabadilisha Samgakji, naingia Itaewon. Hapo kuna msikiti mkubwa wa Seoul, ulifunguliwa 1976, na kwa vichochoro vya chini yake ndo kuna mahali nywele zangu zinashikwa na mtu anazijua, kuna wanaija wanauza ndizi za kupika, na kuna duka nilipata unga ya kusonga. Hiyo siku nilisonga ugali kwa ile keja, moshi ikaliza kengele, halmoni akapanda juu. Nilimpea kipande na sukuma ya kubahatisha. Alitafuna pole pole, akasema inataka kimchi. Na unajua nini, iko na point.

Laini hiyo hiyo ya 4 ukienda nayo upande wa pili inafika Ansan. Huko ndo kuna viwanda, na kuna wasee wa Nepal, Uzbekistan, Vietnam, Kambodia, wako hapa na viza ya E-9. Jumapili tunaketi behewa moja. Wengine wao wana digrii ka mimi, na kuna mnepali tulibonga safari nzima, ngeli yake imenyooka kushinda ya Texas. Yeye anashika mashine ya chuma, mimi nashika kalamu ya ubao. Mimi wakorea wananiinamia na kuniita mwalimu; yeye nimeona mtu akihama kiti ili asiketi kando yake. Hatukuwa tofauti kwa rangi sana wala kwa masomo. Tulitofautiana kwa kitabu kidogo chenye ndege ameshikilia mishale, kile nilipewa Minnesota. Nikikuambia nimekuja kuamini nini hapa, ni hiyo: hii si job ya ujuzi wa ngeli. Ni kodi ya paspoti, na mimi ndo naikusanya.

Doh sasa, ju najua ndo ulikuwa unangoja. Hagwon nyingi zinalipa won milioni 2 na kitu kwa mwezi, unazungumzia laki mbili hivi za Kenya, na keja juu. Ukimaliza mwaka mzima sheria inasema ulipwe mshahara wa mwezi mwingine wa kuagwa. Kuna pensheni, mdosi analipa nusu, na sisi wa paspoti ya Marekani tukihama tunarudishiwa hadi ile ya mdosi. Wa Uingereza hawarudishiwi. Kuna wadosi wa hila wanakufuta mwezi wa 11 wa kandarasi ili wahepe ile ya kuagwa; ilimpata beshte yangu mmoja, akaenda ofisi ya kazi na karatasi zake, akalipwa. Weka kila karatasi. Ukitaka kuhama hagwon kabla ya kandarasi kuisha unahitaji barua ya mdosi ya kukuachilia, kwa hivyo mchague vizuri mtu wa kukuachilia.

Na hii ya mwisho ni ya wewe uko Nai na inbox yako imejaa. Kuna maajenti wanaitisha laki mbili, laki tatu, wakuprocesie viza ya kufunza ngeli Korea na paspoti ya Kenya. Hiyo E-2 haikupewi na paspoti ya Kenya, hata ukiwa na PhD ya Kiingereza, na hata ajenti akiwa na ofisi ya vioo Westlands. Hepa. Ukitaka kuja hapa kihalali na huna pesa, tafuta GKS, ile skolashipu ya serikali ya Korea: inalipa ndege, karo, mwaka wa kusoma Kikorea na posho ya kila mwezi. Fomu zinapita ubalozi wa Korea kule Nairobi au chuo chenyewe, na kuomba ni bure. Mwenye anakuitisha doh ya fomu ni mwizi.